Popo wa neema, kobe wa aibu: Kusoma picha za Kichina kwenye kalamu za laka

POPO hana jina zuri kwetu. Katika ngano nyingi husawiriwa kama kigeugeu: mbele ya ndege hudai yeye ni mnyama, mbele ya wanyama hudai yeye ni ndege. Akiingia nyumba ya mtu usiku, wapo wanaomfukuza kwa ufagio na wapo wanaoanza dua. Kwa hivyo, ukimwonyesha Mswahili kalamu ya wino yenye thamani ya gari kuukuu, iliyopambwa kwa popo watano wekundu wanaoruka kati ya mawingu ya dhahabu, usishangae akikuuliza: kwani aliyeinunua amerogwa?

Jibu halimo katika tabia za popo. Limo katika matamshi. Kwa Kichina sanifu, yaani Kimandarini, popo huitwa bianfu, na silabi ile ya pili, fu, hutamkwa sawasawa, hata kwa toni, na neno fu lenye maana ya neema au baraka. Popo watano basi ni neema tano: maisha marefu, mali, afya na utulivu, kupenda wema, na kufa kifo cha kawaida baada ya mtu kutimiza umri wake. Popo wakiwa wekundu mambo yanazidi kunoga, kwa sababu hong yenye maana ya wekundu inasikika sawa na hong nyingine yenye maana ya ukubwa. Popo mwekundu ni neema tele. Na akichorwa kichwa chini, jinsi anavyolala kweli, dao ya kupinduka inatamkwa sawa na dao ya kufika. Neema imefika! Mchoraji hajachora mnyama hapo, amechora tamko.

Wanafunzi wetu wa shule za upili wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Wanafundishwa vitate, maneno yanayokaribiana kimatamshi hata yakamtatiza mzungumzaji. Na pale sauti zinapolingana kabisa na mtunzi akazichezea kwa makusudi, tunasema ametumia jinasi. Tofauti ni kwamba jinasi zetu huishi midomoni na katika mishororo ya tungo, ilhali Wachina wamezipa miili. Kulungu ni lu, na lu ni marupurupu ya afisa wa serikali. Chombo cha maua ni ping, na ping ni amani. Yungiyungi ni lian, na lian ni mfululizo. Mchore yungiyungi pamoja na samaki, ambaye ni yu kama ile yu ya ziada, na umemtakia mwenzako akiba isiyokatika mwaka baada ya mwaka.

Hebu jaribu nawe kwa Kiswahili. Kalamu yenye picha ya paa unampa binti aliyehitimu chuo: unamtakia apae. Ukichora kaa kwenye kalamu ya mgeni unayempenda, unamwambia akae. Mchina aliyemaliza vitabu vyote vya ishara duniani atamkodolea macho yule swala mdogo na asiambulie kitu, maana dawa haimo katika pembe za paa bali katika sauti zake.

Nimetangulia na jinasi kwa makusudi. Kalamu ninazotaka kuzihakiki leo huuzwa pamoja na kijitabu cha maelezo, na kijitabu hicho mara nyingi huwa kimekwisha kuiua jinasi. Huandikwa kwa Kiingereza na husema: popo ni ishara ya bahati. Basi. Msomaji hubaki akidhani kwamba kuna siri fulani ya Mashariki, kwamba watu wa huko wana mapenzi ya ajabu kwa popo, wakati ukweli ni kwamba wanaipenda lugha yao.

Kalamu zenyewe ni zipi? Ni zile za wino, zenye nibu ya dhahabu, ambazo mwili na kifuniko chake hupakwa laka na kuchorwa kwa ufundi wa Kijapani uitwao maki-e. Maana ya jina hilo ni picha iliyonyunyizwa. Fundi huchora kwa laka mbichi, kisha kabla haijakauka hunyunyizia unga wa dhahabu au fedha kutoka kwenye kijibomba cha mwanzi au cha unyoya wa ndege kilichofunikwa kitambaa cha hariri mdomoni. Tukumbuke kwamba neno letu kalamu, lililotufikia kutoka Kiarabu, asili yake ni tete au mwanzi uliochongwa. Kwa hiyo kalamu ya kisasa inachorwa kwa kijukuu cha kalamu ya kale. Sidhani kuna kijitabu kinachotaja hilo.

Kuna maki-e bapa, kuna iliyoinuliwa kwa tabaka hadi kidole kinahisi mgongo wa mnyama, na kuna ile ambayo picha hufunikwa kabisa kwa laka nyingine, ikiisha kukauka husuguliwa taratibu mpaka picha iibuke tena ikiwa sawa na uso wa kalamu. Ya mwisho hiyo ndiyo inayonivutia zaidi. Fundi anaizika kazi yake kisha anaifukua, na akisugua kupita kiasi hata mara moja, dhahabu imekwenda.

Laka nayo si rangi ya dukani. Ni utomvu wa mti uitwao urushi kwa Kijapani, ambao ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho wetu. Waliowahi kubangua korosho huko Pwani wakaunguzwa na mafuta ya maganda hawahitaji kuelezwa kwa nini mafundi wa laka huwashwa ngozi mwanzoni mwa kazi. Mti mmoja hukua kwa miaka 10 hadi 15, hukatwa chale msimu mmoja, hutoa takriban gramu 200 tu za utomvu, kisha huangushwa. Na utomvu huo haukauki juani. Hukauka ndani ya kabati lenye unyevunyevu. Ukauke kwa unyevu! Mshairi akikuletea tashbihi hiyo utamwambia ametia chumvi.

Nitumie neno gani kwa kitu hiki? Nimeandika laka, nikifuata mazoea ya siku hizi. Lakini tunalo neno la zamani zaidi la ukoo huohuo: lakiri, ile nta nyekundu ya kufungia bahasha na kupigia mhuri. Lakiri tuliichukua kutoka Kireno, nao Wareno shina la neno walilipata kwa mzunguko mrefu unaorudi Bara Hindi, kwenye jina la utomvu unaotengenezwa na wadudu. Kwa maneno mengine, jina ni la mdudu na kitu ni cha mti. Wazungu walipoiona kazi ya Mashariki ya Mbali waliipa jina la walichokuwa nacho nyumbani. Ushahidi huo mdogo uwekwe kando. Tutauhitaji tukifika kwa yule tunayemwita joka.

Ndoa ya kalamu na laka ilifungwa kwa sababu isiyo ya kishairi hata kidogo. Mwaka wa 1918, Ryosuke Namiki na mwenzake Masao Wada walianzisha Tokyo kiwanda cha kalamu ambacho baadaye, mwaka wa 1938, kilichukua jina la Pilot. Kalamu za wakati ule zilikuwa za ebonaiti, mpira mgumu ambao ukikaa kwenye mwanga hupauka na kugeuka rangi ya udongo. Laka iliuzuia mpira usipauke. Ndivyo ilivyoanza: dawa ya kutu, tuseme. Mapambo yakafuata. Mwaka wa 1930 kiwanda hicho kikapatana na kampuni ya Alfred Dunhill ya London, na mwaka uliofuata kikundi cha mafundi, Kokkokai, kikaundwa chini ya Gonroku Matsuda, ambaye mwaka wa 1955 serikali ya Japani ilimtambua kuwa hazina hai ya taifa. Kalamu za Kokkokai hutiwa saini ya fundi. Jambo dogo, lakini linganisha na milango yetu ya Lamu na Mombasa, ambayo tunaisifu karne nzima bila kumtaja aliyeshika patasi.

Kwa hivyo tazama kilichopo mkononi. Chombo ni cha Magharibi. Ufundi ni wa Kijapani. Picha, mara nyingi, chimbuko lake ni China. Na kijitabu ni cha Kiingereza. Lugha tatu zinagombea kipande cha sentimita chache, ya nne inajifanya mkalimani.

Chukua kalamu moja mashuhuri, ile ya Namiki katika safu yake kubwa iitwayo Emperor, yenye picha ya samaki wa dhahabu wakiogelea, mikia yao imetanda kama shela. Nibu yake ni ya dhahabu ya karati 18 na ni pana kuliko kidole gumba cha mtoto. Mtu mwenye mkono mdogo kama wangu ataona kama ameshika mwiko. Hiyo si hoja. Hoja ni je, samaki wale wanasema nini?

Mchina atasoma jinyu, samaki wa dhahabu, na papo hapo sikio lake litamletea jinyu nyingine, tofauti kwa toni tu, yenye maana ya dhahabu na jade. Ni picha ya nyumba iliyojaa. Mjapani anamwita samaki huyohuyo kingyo, na herufi ni zilezile za Kichina, ila sikio lake haliendi kwenye jade. Linakwenda kwenye kiangazi. Katika haiku, kingyo ni miongoni mwa maneno ya msimu: ukilitaja umekwisha kutaja joto, jioni ya sherehe, watoto wameinama kwenye karai wakijaribu kuvua samaki kwa kijiwavu cha karatasi kinachochanika. Samaki walihama kutoka China kwenda Japani. Utajiri ukabaki bandarini, kiangazi kikapanda.

Fundi wa maki-e, kwa kadiri ninavyoisoma kazi yake, alichora kiangazi. Ameacha nafasi kubwa nyeusi ambayo macho yanaifanya maji bila yeye kuchora hata wimbi moja zito. Lengo ni ubaridi. Anayeiuza kama kalamu ya utajiri anamwekea fundi maneno mdomoni. Hapo siwalaumu sana wauzaji. Mnunuzi wa Shanghai au Hong Kong ana haki ya kusikia jade yake. Lakini mhakiki hana budi kusema kwamba picha moja imebeba matamko mawili, na hayalingani.

Kwa popo mambo ni mazuri zaidi kidogo. Kijapani popo ni komori, na neema ni fuku. Jinasi imekufa masikioni. Hata hivyo, herufi ya Kichina ya fu ya popo na ile ya fu ya neema zina kipande kimoja cha kulia kinachofanana kabisa. Msomaji wa Kijapani akizitazama, jicho linakumbuka kile sikio limesahau. Jinasi ya macho! Sisi tunaoandika kwa herufi za Kirumi hatuna anasa hiyo.

Kobe ndiye aliyepatwa na balaa. Korongo na kobe ni jozi ya kawaida katika laka ya Kijapani: korongo huhesabiwa miaka 1,000, kobe 10,000, na kwenye kalamu ya kumpongeza mzee au maharusi hakuna picha inayofaa kuliko hiyo. China ya kale nayo ilimheshimu kobe. Alikuwa mmoja wa walinzi wanne wa pande za dunia, akishika kaskazini. Baadaye, ndani ya lugha ya mitaani, jina lake likageuka tusi, hasa kwa mwanamume ambaye mkewe anamchezea. Tusi hilo bado li hai. Kwa hiyo kalamu ileile inayomtakia mzee wa Kyoto umri mrefu inaweza kumfanya bwana wa Beijing akune kichwa. Na kwetu? Kwetu kobe ni mwerevu asiye na haraka, anayemshinda sungura mbio. Msomaji wa Taita au Kisii angeipokea kalamu hiyo kama sifa ya akili. Wote watatu wako sahihi, na hakuna kitabu cha ishara kinachoweza kuwapatanisha.

Mwanafalsafa Mmarekani Charles Sanders Peirce aliainisha ishara kwa namna tatu: inayofanana na kitu chake, iliyoungana nacho kama moshi na moto, na ile ya makubaliano. Wanafunzi wangu huikariri orodha hiyo vizuri sana. Tatizo huja ninapowauliza popo wa Kichina aende fungu lipi. Picha inafanana na popo, ndiyo, lakini popo yule hasimamii popo. Anasimamia sauti, na sauti hiyo, kwa makubaliano ya wasemaji, inasimamia neema. Ni safari ya hatua mbili, na hatua ya katikati ni lugha. Iondoe na daraja limevunjika. Kinachobaki ni hirizi.

Nasema haya kwa uchungu kidogo kwa sababu tabia ya kijitabu cha kalamu ndiyo tabia ya miongozo mingi ya fasihi inayosomwa katika shule zetu. Njiwa ni amani. Nyekundu ni hatari. Nyoka ni uovu. Giza ni ujinga. Mtahiniwa hukariri orodha kama bei za duka, akaenda kuibandika kwenye riwaya yoyote atakayopewa, na mara nyingi hupata alama. Hakuna anayemuuliza: kwa lugha gani? Ni nani katika riwaya anasema hivyo? Kwani nyoka wa kule kwenu, yule bibi anayemwekea maziwa, naye ni uovu?

Turudi kwenye kalamu, kwa yule mnyama anayeziuza kuliko wote. Kwa Kichina ni long. Kiingereza kilimwita dragon, nasi, tukitafsiri kutoka Kiingereza, tukamwita joka.

Sasa joka ni nani? Kimofolojia ni ukubwa wa nyoka. Kiutamaduni, ni yule wa Biblia ya Kiswahili katika Ufunuo sura ya 12, adui wa mbinguni. Mpe msomaji Mkenya kalamu yenye joka na umempa shetani ameshika kifuniko. Long hana uhusiano na huyo. Ana pembe za kulungu na magamba ya samaki, hana mabawa, hukaa majini, huleta mvua, na kwa karne nyingi alikuwa nembo ya mfalme. Kwa jamii ya wakulima kama zetu, anayeleta mvua si adui wa mtu. Tafsiri ya kwanza ilikosea kwa kumfananisha na dubwana la Ulaya linalotema moto. Tafsiri ya pili, yetu, ilirithi kosa ikaongeza la kwake. Ni kisa cha lakiri tena: jina la mdudu kwa kitu cha mti.

Wachina wenyewe wamelichoka jambo hili. Mwaka wa 2024, ambao katika kalenda yao ulikuwa mwaka wa mnyama huyo, vyombo vyao vingi vya habari vya Kiingereza viliandika loong badala ya dragon. Baadhi ya watangazaji wa Kiswahili husema dragoni, na angalau hilo halina nyoka ndani yake, ingawa bado ni la Kizungu. Mimi ningependekeza tuseme longi. Neno fupi, linafuata silabi zetu, linaingia ngeli ya A-WA bila kelele: longi anaruka, malongi wanaruka. Mhariri wa kamusi atakayeona nimepotoka aniandikie. Safu hii haijawahi kukimbia mabishano.

Na ukiwa na longi mkononi, mhesabu makucha. Katika China ya kifalme, longi wa makucha matano alikuwa wa mfalme, na sheria ziliwabana wengine wasimvae. Longi wa Kijapani, kwa kawaida, huchorwa na makucha matatu. Kwa hivyo kalamu ya maki-e yenye longi wa makucha matatu, inayouzwa kwa maneno kwamba mnunuzi anashika mamlaka ya mfalme wa China, inajikanusha yenyewe. Fundi amesema kitu, mwuzaji amesema kingine, na ushahidi uko kwenye vidole. Wateja wengi hawahesabu. Wanahesabu namba ya toleo. Si ajabu kalamu za namna hii kutolewa 88 au 888 tu, kwa sababu nane, ba, inakaribia fa, kustawi. Ndiyo hesabu ileile iliyofanya Michezo ya Olimpiki ya Beijing ifunguliwe saa mbili za usiku, tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka wa 2008. Nne ni si, na kifo pia ni si kwa toni nyingine, basi utangoja sana kuona toleo la kalamu 44.

Nikiulizwa ni picha gani inayostahili kuwa juu ya kalamu, sitachagua longi. Nitachagua samaki aitwaye koi, jamii moja na wale wanaovuliwa sasa kwa wingi Ziwa Naivasha. Wachina husimulia kwamba samaki huyo hupanda Mto Manjano dhidi ya mkondo hadi mahali paitwapo Lango la Longi, na anayefaulu kuruka lango hugeuka longi. Kwa mamia ya miaka kisa hicho kilikuwa sitiari ya mitihani ya kifalme ya kuajiri maafisa, ile iliyofutwa mwaka wa 1905. Kijana wa shamba aliingia chumbani na kalamu ya manyoya na kijiwe cha wino. Akifaulu, alitoka mtu mwingine. Wengi hawakufaulu. Walirudi mwaka mwingine, na mwingine, hadi mvi.

Picha hiyo ikiwa kwenye kalamu haihitaji kubandikwa maana kutoka nje. Chombo na picha vinazungumzia kitu kimoja: mtu anayejaribu kuandika mpaka abadilike. Mafundi wazuri humchora koi ukingoni mwa maporomoko, mwili umepinda, maji ya fedha yakishuka kwenye kiwiliwili cha kalamu kuelekea kwenye nibu. Ukiinamisha kalamu kuandika, maji yanateremka kweli na samaki anapanda kinyume cha mkono wako. Hapo sijali bei. Hapo kuna fikra. Na hakuna mzazi wa Kenya aliyewahi kungoja matokeo ya KCSE ambaye atahitaji kijitabu.

Kuna kisa kingine cha Kichina ambacho sijakiona kwenye kalamu yoyote kati ya nilizopata kuzitazama, nami nakisikitikia. Mwandishi Jiang Yan, aliyeishi kati ya mwaka wa 444 na 505, anasimuliwa kuwa aliota ndoto, akajiwa na mtu aliyemdai kalamu aliyomkopesha zamani. Akajipapasa, akaitoa ikiwa na rangi tano, akairudisha. Tangu siku hiyo hakuandika tena kitu cha maana. Naelewa kwa nini wauzaji hawaitaki hadithi hiyo. Nani anunue kalamu inayomkumbusha kwamba kipawa ni cha kuazima? Lakini ndiyo hadithi ya kweli ya kila anayeandika, na ingependeza kwenye laka nyeusi: mkono ulionyooshwa, rangi tano, hakuna mnyama hata mmoja.

Huenda msomaji akasema haya ni mambo ya matajiri wa mbali. Si ya mbali kiasi hicho. Karibu na Malindi, pale Mambrui, kuna kaburi la nguzo ambalo mabakuli ya kauri ya enzi ya Ming yalitiwa ndani ya ukuta wake. Mabakuli ya Kichina yalipamba makaburi na misikiti ya mwambao wetu kwa karne kadhaa, na vipande vyake vimefukuliwa kwa wingi Gede. Wazee wetu walizipokea kauri hizo bila kijitabu. Hawakujua samaki ni ziada na yungiyungi ni mfululizo. Wakaziweka pale walipoona panafaa, juu ya wafu wao, zikang'aa jua likipiga. Huo ulikuwa usomaji pia, na ulikuwa wa kwao wenyewe. Sisi tuna bahati waliyoikosa: Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na Taasisi ya Confucius tangu mwaka wa 2005, na vijana wetu wengi wanaisoma Kimandarini kwa toni zake zote. Bado tunasubiri mmoja wao atuandikie, kwa Kiswahili na bila kupitia Kiingereza, kamusi ya jinasi hizi.

Atakapoianza, aanze na herufi ya Q. Mwaka wa 1415 ujumbe kutoka Malindi ulimfikishia mfalme Yongle twiga. Wachina hawakumwona twiga. Walimwona qilin, mnyama wa heri ambaye hujitokeza tu mfalme akiwa mwadilifu. Walimkagua umbo na upole wake, ni kweli, ila wapo wasomi waliohisi kwamba sikio nalo lilichangia: Wasomali humwita twiga geri, na jina hilo, likipita midomo ya mabaharia, halikuwa mbali na qilin. Jinasi tena, na safari hii upande mmoja wake ni wa Afrika Mashariki. Wajapani walipolichukua neno walilitamka kirin. Mnyama huyo yumo katika sanaa yao ya laka hadi leo, ana magamba na manyoya ya moto, hafanani na kitu chochote cha Tsavo. Lakini mwulize mtoto wa shule wa Tokyo jina la yule mnyama mwenye shingo ndefu aliyemwona kwenye bustani ya wanyama. Atakuambia: kirin.